Nilisema anaringa, kumbe anaumwa

Mpenzi msomaji, wiki hii tuweke pembeni habari za mapenzi na michango ya harusi. Wiki hii mwenzenu nataka kutubu. Na ninayetaka kumwomba radhi hawezi kulisoma gazeti hili hata ukimfunulia ukurasa, kwa sababu ni farasi.

Haya, chekeni mmalize.

Najua ukitaja farasi kijiweni hapa Moshi, wa kwanza atauliza bei, wa pili atauliza kama nyama yake inaliwa, na wa tatu atakwambia yeye kawaona wengi tu, kwenye sinema. Hatuna makosa. Punda tumewazoea, wanabeba maji na mahindi kule tambarare. Farasi ni adimu, na sababu ipo. Nchi hii ina mbung'o, halafu ina wale wadudu wadogo sana wanaoitwa usubi. Usubi hutoka giza linapoingia, na wakimuuma farasi wanaweza kumwambukiza ugonjwa wa kujaa maji mapafuni unaoua wengi wa wanaoupata. Huku juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro kuna ubaridi, wadudu wanapungua kidogo, ndiyo maana wapo watu wachache wanaofuga farasi na kuwapandisha watalii wanaotaka kuuangalia mlima bila kuupanda.

Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016, na matokeo yangu tusiyajadili. Nikauza mitumba soko la Memorial, mtaji ukakata. Nikajaribu upagazi mlimani, safari mbili tu nikagundua kifua changu na zile mita 5,895 havipatani. Mwaka 2018 mshikaji mmoja akaniambia kuna shamba chini ya barabara ya Machame wanatafuta saisi, yaani mtu wa kutunza farasi: kumlisha, kumpiga brashi, kuzoa mavi, kumtandika na kumwongoza mgeni njiani. Nikaulizwa, "Farasi unawajua?" Nikajibu, "Sana!" Ndugu yangu, nilikuwa sijawahi kumgusa hata mmoja. Nikapata kazi.

Hapo ndipo nilipokutana na Shangazi.

Shangazi ni farasi jike, rangi ya kahawia, na alama nyeupe usoni. Wakati ule alikuwa na miaka 18. Jina alipewa na saisi aliyenitangulia kwa ajili ya lile jicho lake: anakutazama kama shangazi aliyekuja kukagua kama nyumba imefagiliwa. Alitokea Kenya, ambako ujanani alichezeshwa polo. Polo ni ule mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo ndefu mtu akiwa juu ya farasi. Farasi anakwenda shoti, anafunga breki ghafla, anageuka pale pale na kutimka tena. Ule uzito wote unaishia kwenye magoti ya nyuma.

Ninaposema goti la nyuma nina maana ya kile kiungo kilichochongoka kuelekea mkiani. Nilikuja kufundishwa kwamba kwa kweli si goti, ni sawa na kifundo chako wewe pale juu ya kisigino. Lakini sisi bandani tunasema goti, na humu tutaliita hivyo hivyo.

Basi bwana, miezi ya mwanzo niliona mambo. Asubuhi nikimtoa bandani, Shangazi anatembea kama mzee aliyelala kwenye basi la Dar. Hatua fupi, mgongo mgumu, ncha za kwato za nyuma zinakwaruza chini mpaka unasikia shwaa, shwaa. Baada ya robo saa hivi anachangamka, unasahau. Ukimgeuza kulia sawa, ukimgeuza kushoto anakunja sura na kutandaza masikio. Kwenye mteremko anakwenda upande upande. Fundi wa kwato akimnyanyua mguu wa nyuma, Shangazi anaunyakua na kuurudisha chini, na fundi anamtukana.

Wageni nao wana macho. Mama mmoja wa Kizungu aliniuliza, "Huyu mbona kama anachechemea?" Nikacheka kwa madaha, nikamjibu, "Hapana mama, anaringa tu! Ndiyo mwendo wake." Mama akafurahi, akaniachia elfu kumi.

Neno hilo likawa wimbo wangu. Anaringa. Niseme nini tena? Farasi akisimama, safari inapungua. Safari ikipungua, bahshishi inapungua, na mshahara wa saisi peke yake ni wa kununulia sabuni. Mwaka mzima wa 2019 nilikula kwa mgongo wa Shangazi, na sina maana ya mafumbo.

Na aibu yenyewe ni kwamba neno hilo nilikuwa nalo tangu nyumbani. Bibi yangu mzaa baba anaishi kihambani, Machame, katikati ya migomba na kahawa. Kwetu ng'ombe hachungwi, anakaa bandani na majani yanamfuata huko huko. Anayeyafuata majani ni mwanamke. Bibi alishuka tambarare na kupanda na furushi la majani kichwani toka ni msichana mpaka ana wajukuu, na siku ambayo si ya majani ni ya mkungu wa ndizi. Alipoanza kwenda kanisani kwa mwendo wa pole, mkono mmoja kiunoni, sisi wajukuu tulikuwa tunamtania nyuma yake: "Mwoneni bibi anavyoringa!" Naye anacheka. Alikuwa anacheka, jamani.

Ikaja 2020. Mwezi wa tatu wageni wakaanza kukatika kwa ajili ya korona, mwezi wa nne ndege za abiria kutoka nje zikazuiwa mpaka katikati ya mwezi wa tano, na hata zilipofunguliwa watalii walikuja kwa matone. Nikasema moyoni, haya, angalau Shangazi atapumzika. Masika ilikuwa imeanza, tope limejaa, nikamfungia bandani na majani ya kutosha. Nikamnenepesha. Nilijiona nimetenda wema.

Baada ya wiki tatu hakuweza kuvuka kizingiti cha banda bila kusita. Miguu ya nyuma imekauka kama miti. Mwenye shamba akamwita daktari wa mifugo, mama mmoja mtaratibu asiyependa kelele.

Yule daktari hakuanza na sindano. Alianza kwa kutazama. Akaniambia nimtembeze Shangazi kwenda na kurudi, kisha akamkunja mguu wa nyuma, akaushikilia umekunjwa kama dakika moja, akaniambia nimkimbize papo hapo kwa mwendo wa matiti. (Msianze! Hilo ndilo neno letu la Kiswahili la farasi anayekwenda mbio fupi fupi.) Hatua za kwanza nyonga ya upande ule ikawa inapanda juu kila mguu ukigusa chini. "Unaona?" akasema. "Na akiumwa mguu wa mbele, angalia kichwa. Mguu mbovu ukigusa chini kichwa kinapanda, mguu mzima ukigusa kinashuka. Farasi hajui kusema, lakini kichwa na nyonga havidanganyi."

Kisha akainama, akagusa makovu mawili yaliyokuwa mbele ya vifundo vya miguu ya mbele, juu kidogo ya kwato. "Haya ni ya nini?"

Nikasema nadhani amejigonga.

"Huyu halali," akasema.

Nikabisha. Farasi si anasinzia amesimama? Ni kweli, akanijibu, miguu yake ina namna ya kujifunga ili asianguke. Lakini usingizi wenyewe, ule mzito wa ndoto, anaupata akiwa amelala chini, na kila farasi anauhitaji japo kwa muda mfupi. Anayeumwa magoti anaogopa kulala kwa sababu anajua kuamka kutamuuma. Anakaa macho usiku baada ya usiku, mpaka usingizi unamzidi nguvu akiwa amesimama, miguu ya mbele inalegea, anaanguka kwa vifundo. Anashtuka, anasimama tena. Ndiyo hayo makovu.

Mpenzi msomaji, makovu yale nilikuwa nayapiga brashi kila siku kwa miaka miwili.

Ugonjwa wenyewe ni ule ule wa bibi, tunaouita baridi yabisi. Bibi anaamini unaletwa na baridi ya mlima. Kwa Shangazi, daktari alisema, baridi inazidisha ukakamavu tu, shina la tatizo ni kusagika. Kwenye kila kiungo mifupa imevikwa gegedu, laini kama ile unayoitafuna kwenye kifua cha kuku, na katikati kuna ute wa kulainisha. Gegedu ikishalika, haioti tena kama zamani. Ute unakuwa mwepesi, kiungo kinavimba, mfupa unaanza kuota vijiba pembeni. Hakuna dawa ya kuirudisha. Kwenye zile sehemu za chini za goti la nyuma, ambazo hata hivyo hazikunjiki sana, mifupa wakati mwingine hushikana yenyewe baada ya miaka, na maumivu yakapungua. Lakini huwezi kukaa unaombea hilo.

"Na kumfungia je?" nikauliza. "Si nilimpumzisha?"

"Ulimtelekeza," akasema. Kiungo hupata lishe kutokana na ule ute, na ute hauzunguki mpaka kiungo kitembee. Msuli nao usipofanya kazi unasinyaa, na msuli ndio unaolisaidia goti. Juu ya hapo nilikuwa nimemnenepesha, kila kilo niliyomwongezea anaibeba yeye usiku na mchana.

Nikarudi nyumbani Jumapili ile nikamkuta bibi amekaa kwenye kigoda, mguu kaunyoosha, shangazi zangu wa kweli wanamkataza asiinuke: "Kaa mama, pumzika, kazi tutafanya sisi." Hospitalini alikuwa ameambiwa atembee kidogo kidogo kila siku na apunguze mizigo. Sisi tulisikia hilo la mizigo tu. Kwa upendo wetu tukamgandisha kwenye kigoda.

Hapo ningekuwa nimeshapata akili, hadithi ingeishia hapa. Haikuishia.

Daktari alikuwa ameacha poda ya maumivu, fenilbutazoni, ya kuchanganya kwenye chakula kwa kipimo na kwa siku alizoandika. Ni dawa nzuri ikitumiwa kwa maelekezo. Ikizidi inaleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo. (Na wewe uliyeuliza kama nyama inaliwa, jibu ni hili: mnyama aliyepewa dawa hiyo haliwi na binadamu.) Shangazi akapata nafuu, poda ikapunguzwa, tukawa tunampa siku mbaya tu. Akaruhusiwa kubeba watu wepesi, safari fupi, mahali tambarare.

Julai 2022 wageni wakawa wamerudi. Msimu umechanganya. Kundi moja limeagiza safari ya kutwa, na farasi wetu wawili wako nje, mmoja ana jeraha la mgongoni na mwingine kwato imepasuka. Tukapungukiwa na farasi mmoja. Mwenye shamba alikuwa Arusha. Mwenzenu nikapiga hesabu ya bahshishi, nikafungua kabati. Nikachukua poda mara mbili ya kipimo, nikaikoroga na pumba na molasi ya TPC, Shangazi akaramba mpaka akalamba na ndoo.

Saa mbili baadaye alikuwa anatembea kama msichana anayekwenda kipaimara. Nikamfurahia! Nikampandisha baba mmoja, kilo zake si chini ya 95. Wenzangu wakaniangalia. Nikasema, "Leo kaamka vizuri."

Kuna ule usemi, punda afe lakini mzigo wa bwana ufike. Wengi tunautaja kama sifa ya uchapakazi. Jaribu kuusikiliza ukiwa upande wa punda.

Wakati wa kurudi, kwenye mteremko wa kushukia mto Weruweru, mguu wa nyuma ukamsaliti. Kwenye kushuka miguu ya nyuma ndiyo breki. Shangazi akaserereka, akakaa kitako kama mbwa. Yule baba akateleza nyuma taratibu mpaka kwenye majani, akachubuka kiwiko, akainuka anacheka, anasema ni picha nzuri ya kupeleka kwao. Hakuumia. Lakini Shangazi hakuinuka mara moja. Alikaa pale, mapaja yanamtetemeka, jicho lile la ukaguzi limenikodolea.

Ndipo nikaelewa poda ilifanya nini. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimwambia hapa usikanyage, hapa punguza. Mimi niliyanyamazisha, halafu nikampa kazi ambayo maumivu yasingemruhusu. Goti halikuwa limepona hata kidogo. Lilizibwa mdomo tu, na aliyeliziba ni mimi.

Tuliporudi nilikuta mwenye shamba amewahi. Akamwangalia Shangazi, akaniangalia mimi. "Umempa nini?" Naapa, lile neno lilinijia mpaka kwenye ulimi. Anaringa. Nikalimeza. Nikasema yote: poda, kilo, na kule nyuma, mama wa Kizungu na ile elfu kumi. Nikasubiri kufukuzwa.

Hakunifukuza. Alinikata nusu ya mshahara wa mwezi, kisha akasema, "Kuanzia kesho wewe ndiye utakayeamua kila asubuhi kama anafanya kazi au hafanyi. Si mgeni, si mimi. Wewe." Nikaona kheri angenifukuza.

Sasa niwape faida, kwa yeyote mwenye mnyama wa kupanda au kubebesha, hata punda, maana viungo ni vile vile.

La kwanza, usiku. Hapa kuna mtihani. Kiungo kibovu kinataka mnyama atembee usiku kucha, na usubi wanataka awe ndani kuanzia jioni. Tulivunja ukuta kati ya mabanda mawili tukamfanyia sebule, tukaweka wavu wenye matundu madogo sana madirishani, na chini tukamwaga maranda ya seremala, mazito ya kuzama kiatu. Chakula tunaweka kona moja, maji kona ya pili. Akitaka kula na kunywa lazima atembee. Wiki ya pili nilimkuta alfajiri ana maranda ubavuni na kwenye nywele za shingo. Amelala! Nilikimbia kumwambia kila mtu kama aliyejifungua ni mke wangu.

La pili, tumbo. Pumba tukapunguza, majani makavu yakabaki, na mbavu zake sasa huzioni lakini ukipapasa unazisikia. Hicho ndicho kipimo.

La tatu, kwato. Zinakatwa kila wiki sita mpaka nane. Ncha ikirefuka, kila hatua inalikaba goti. Fundi sasa ananyanyua mguu chini chini, kwa muda mfupi, anampa nafasi ya kupumua. Hatukani tena.

La nne, uzito. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mpandaji pamoja na matandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Shangazi ana kilo kama 420, kwa hiyo ni 84, ukitoa tandiko la kilo 9 unabaki na mtu wa 75. Hiyo ni kwa farasi mzima! Kwake yeye daktari ametupangia mtu na tandiko visizidi 60. Mgeni akizidi namwambia kwa adabu kwamba Shangazi amestaafu. Wengine wananuna, na bahshishi inakwenda na maji. Basi iende.

La tano ni kumpanda kwenyewe. Simkwei kutoka chini, napanda juu ya jiwe ili nisimvute uti wa mgongo. Dakika 20 za mwanzo ni kutembea tu, mwendo wa kunyooka, hatamu legevu, mpaka ile shwaa ya kwato iishe. Isipoisha, nashuka, siku hiyo hakuna kazi. Sizungushi duara ndogo, maana kugeuka kwa ghafla ndiko kulikomharibu. Silazimishi shoti. Naikwepa lami kwa ugumu wake na tope la masika kwa utelezi wake. Na mlima siukati kwa kuupanda wima. Wazee wetu walichimba mifongo kuleta maji vihambani, na maji yakitaka kufika mbali lazima yashuke pole pole, kwa hiyo kijia cha kando ya mfongo kinauzunguka mlima karibu usawa mmoja. Sikujua kama wazee walikuwa wamemchongea Shangazi barabara. Tukifika kwenye mteremko mkali nashuka, tunatembea wawili kama wachumba.

Nusu saa, siku tano kwa wiki. Wakati mwingine anabeba mtoto wa mgeni kwa dakika kumi. Poda ipo kabatini, ufunguo anao mwenye shamba, na ni mimi niliyemwomba aushike yeye.

Msidhani amepona. Julai kukiwa na ukungu na ile baridi inayoingia mpaka kwenye meno, asubuhi zake ni ngumu. Nina daftari, kila siku naandika: amelala au hakulala, amegeuka kushoto au amekataa, amekula au amebakiza. Daktari aliniambia iko siku siku mbaya zitazidi siku nzuri, na siku hiyo haitakuwa ya kuulizia bahshishi wala kusema tungoje msimu uishe. Daftari hilo ndilo litakalosema, na mimi ndiye nitakayelisoma kwa sauti. Silipendi hilo daftari. Lakini naliandika kwa ukweli, kwa sababu najua mkono huu uliwahi kuandika uongo kwa mdomo.

Na bibi? Bibi tumemwinua kwenye kigoda. Kila asubuhi anazunguka kihamba na fimbo yake, anakagua migomba, anarudi kulaumu. Majani ya ng'ombe wanabeba wajukuu wa kiume. Ndiyo, mimi pia, nikiwa nyumbani, na furushi lile kichwani nimelipanda nalo mlima mara moja tu nikajua kwa nini magoti yake yako vile.

Nilimsimulia habari za Shangazi, zote. Na mwisho nikamwambia na ile tuliyokuwa tunaisema nyuma yake akienda kanisani. Akanyamaza kidogo. "Nilikuwa nawasikia," akasema. "Ningewaambia naumwa, nani angeleta majani?"

Sikuwa na jibu. Kwetu Uchagani ukimkosea mtu unamwendea na jani la sale, na akilipokea kesi imekwisha. Nikatoka mpakani mwa kihamba, nikachuma moja, nikarudi nikampa kwa mikono miwili. Akalipokea. Kisha akaniambia, "Rudi ukachume la pili, umpelekee na mwenzangu."

Nilichuma. Jumatatu alfajiri nikasimama mlangoni kwa Shangazi nimelishika lile jani kama mjinga. Akasogea taratibu, shwaa, shwaa, akalinusa, akapuliza pua, akanigeuzia kisogo na kwenda kwenye majani yake makavu.

Nikafungua daftari nikaandika: amelala.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.